Kutoka Chungu cha Malwa hadi Kikao cha Kuacha Pombe: Historia ya Jinja na Mbale, na Wajibu Wetu

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Sifa njema zote anastahiki Allah (Subhanahu wa Ta'ala), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na Swahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu wasomaji, makala hii tumeiandika kwa ajili ya familia na wanafunzi wa upande wa mashariki wa Uganda, hasa wa Jinja na Mbale, na tunataraji itawafaa na wengine. Suala lenyewe halipendezi kutajwa. Ni la Muislamu anayekunywa pombe na anataka kuacha lakini hawezi. Je, aende wapi? Aketi na nani? Na sisi tulio karibu naye, mama, mke, mume, kaka au imamu wa msikiti, tumfanyie nini?

Hukumu ya pombe inajulikana hata na mtoto wa madrasa. Wachache miongoni mwetu wanajua jinsi pombe ilivyoingia na kukita mizizi katika miji hii, na wachache zaidi wanajua historia ya watu waliokaa pamoja wakasaidiana kuiacha. Tumeona tuieleze historia hiyo kwanza, kwa sababu ndani yake mna jibu la swali la aende wapi.

Chungu kimoja, mirija mingi

Kabla ya kiwanda na kabla ya chupa, watu wa mashariki ya Uganda walikuwa na pombe ya nafaka. Ulezi huoteshwa, hukaushwa, husagwa, huchachushwa, kisha hutiwa chunguni pamoja na maji ya moto. Wengi leo huiita malwa. Wateso wanaiita ajono, na kwa Wagisu lipo jina la busaa. Watu huketi kuzunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu, na maji ya moto huongezwa kila yanapopungua. Kikao huchukua saa nyingi.

Tazameni vizuri umbo la kikao hicho. Ni duara. Mzee ana nafasi yake na mgeni hupewa mrija. Hapo ndipo habari za kijiji husemwa, deni hukumbushwa, posa hujadiliwa, na aliyefiwa hufarijiwa. Huko Bugisu pombe ya ulezi imeingia hata katika imbalu, yaani tohara ya vijana inayofanywa kila mwaka unaogawanyika kwa mbili na kufunguliwa rasmi katika uwanja wa Mutoto karibu na Mbale.

Kwa hiyo mtu anayeacha pombe katika mazingira kama hayo haachi kinywaji peke yake. Anaacha na duara. Anaondoka mahali alipokuwa akiitwa kwa jina lake na kuulizwa hali ya watoto. Tukimwambia aache kisha tusimpe mahali pengine pa kukaa, tumemtoa kwenye watu tukampeleka upwekeni, na upweke ni mwalimu mbaya. Jambo hili tutalirudia hapo mbele.

Waislamu hatukuwa nje ya historia hii

Wapo wanaosema kwamba pombe ni mambo ya wengine na Waislamu hatuhusiki. Historia haikubaliani nao, na ni bora tuusikie ukweli hata kama ni mchungu.

Uislamu uliingia Buganda mwaka 1844, alipofika mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim katika baraza la Kabaka Suuna. Upande wa mashariki ulifikiwa pia na misafara ya Waswahili kutoka pwani, iliyopitia Mumias na kufika miteremko ya mlima Masaba kutafuta pembe za ndovu. Mji wa Mbale wenyewe ulianza kukua mwanzoni mwa miaka ya 1900 chini ya Semei Kakungulu, mkuu wa vita wa Kiganda, na wafanyabiashara wa Kiswahili, Kiarabu na Kihindi wakafuata.

Kundi lingine la Waislamu lilikuja kama askari. Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwachukua askari wa Kisudani waliobaki baada ya utawala wa Emin Pasha kuanguka huko Ikweta, akawaleta Uganda pamoja na wake zao na watoto. Ndio asili ya jamii ya Wanubi. Mwaka 1897 sehemu ya askari hao waliasi, wakaingia katika ngome ya Luba huko Bukaleba, Busoga, si mbali na Jinja, na Meja Thruston akauawa hapo. Walichokuwa wakilalamikia ni malipo duni na safari zisizokwisha.

Askari hao na familia zao walikuja na ujuzi wa kugema pombe kali kwa mvuke. Pombe ile ikaitwa jini ya Kinubi, na kwa miaka mingi wanawake wajane na wake wa askari waliipika ili wapate riziki, katika kambi za Uganda na hata Kibera, Nairobi. Neno waragi nalo lina maelezo mawili. Wapo wanaolitoa katika neno la Kiarabu, araki. Wapo wanaosema limetokana na jina ambalo Waingereza waliipa pombe hiyo, lenye maana ya jini ya vita.

Hatusemi haya ili kuwaaibisha ndugu zetu Wanubi, ambao wametoa masheikh, walimu na wapiganaji wengi. Tunasema ili ifahamike kwamba dhiki na ujane viliwahi kumsukuma Muislamu kwenye pipa la kugemea. Leo hali ni hiyo hiyo. Mwenye njaa atapika kinachonunuliwa, hata kama anajua hukumu yake. Anayetaka kupambana na pombe mtaani kwake na aanze kuuliza huyo mama atakula nini akiacha kuipika.

Sheria za wakoloni na kiwanda cha mtoni

Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikutana Brussels na kukubaliana, pamoja na mambo ya utumwa na silaha, kuzuia pombe kali isiuzwe kwa Waafrika katika sehemu kubwa ya bara hili. Serikali za kikoloni za Afrika Mashariki ziliendelea na katazo hilo hadi miaka ya 1950. Mzungu aliruhusiwa wiski yake, na Mwafrika akikutwa na pombe kali alishitakiwa. Katazo la namna hiyo halikuwa la dini wala la afya. Lilikuwa la ubaguzi, na matunda yake yalikuwa kwamba watu wengi waliona kunywa pombe kali ni alama ya uhuru.

Jinja wakati huo ilikuwa inageuka. Ilikuwa na bandari ya ziwa, reli ya Busoga iliyofunguliwa mwaka 1912, pamba, na sukari ya Kakira iliyoanza mwaka 1930 chini ya Muljibhai Madhvani. Bwawa la Owen Falls, leo Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, na umeme wake ukavuta viwanda. Vijana walitoka kila upande wakapangishwa katika makazi ya wafanyakazi kama Walukuba. Walikuwa mbali na wazee wao, wana mshahara kila mwisho wa mwezi, na jioni hawana la kufanya. Ng'ambo ya mto, Njeru, Nile Breweries ilikuwa imeanzishwa tangu mwaka 1951. Kwa hiyo mji huohuo ulitengeneza umeme, nguo, sukari na bia.

Baada ya uhuru, katikati ya miaka ya 1960, serikali ilitunga sheria ya enguli. Mgemaji wa kienyeji alitakiwa awe na leseni na auze enguli yake kwa kiwanda kinachoisafisha. Hapo ndipo ilipozaliwa Uganda Waragi ya chupa. Lengo lilikuwa kuondoa pombe chafu vijijini. Lakini wagemaji wengi hawakukata leseni, waliendelea kimya kimya na ndizi, mihogo au molasi ya miwa, na hadi leo wanaendelea.

Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, na viwanda vya Jinja vikaanza kudorora. Wazee wa Jinja wanaikumbuka miaka hiyo na iliyofuata: mashine zimenyamaza, wafanyakazi wamekaa vibarazani. Mtu asiye na kazi ana muda mwingi, na pombe ya bei rahisi inajua kuutafuta muda huo.

Matokeo yake yalionekana katika hesabu. Shirika la Afya Duniani katika ripoti yake ya mwaka 2004 lilikadiria kwamba kila mtu mzima nchini Uganda alikunywa kwa wastani lita 19.5 za alkoholi halisi kwa mwaka, na Uganda ikatajwa ya kwanza duniani. Makadirio ya baadaye yalishuka, lakini jina hilo lilitushtua wengi. Mwaka 2010 watu wapatao 80 walikufa huko Kabale na sehemu za jirani kwa kunywa waragi iliyochanganywa na methano. Mwaka 2019 serikali ilipiga marufuku waragi ya vifuko vidogo vya plastiki, vile ambavyo hata mwanafunzi aliweza kuvinunua kwa sarafu chache na kuvificha mfukoni. Vifuko vilipungua, ila chupa ndogo za plastiki zikashika nafasi yake.

Madina: watu waliacha pamoja

Sasa tugeukie historia nyingine, iliyo ya kwetu zaidi.

Waarabu kabla ya Uislamu walikuwa wanywaji wakubwa. Allah (S.W.) hakuwaamrisha waache kwa siku moja. Wanazuoni wanaeleza hatua zake. Katika Suratun-Nahl (16:67) kilitajwa kilevi kitokanacho na mitende na mizabibu, kikatenganishwa na riziki njema. Kisha katika Suratul-Baqara (2:219) ikabainishwa kwamba dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Kisha katika Suratun-Nisaa (4:43) waumini wakakatazwa kuikaribia Swala wakiwa wamelewa, na kwa kuwa Swala ni mara tano, muda wa kunywa ukabanwa. Mwisho, katika Suratul-Maida (5:90-91), ikaharamishwa moja kwa moja. Imepokewa kutoka kwa Anas (R.A.) kwamba tangazo liliposikika, watu waliimwaga pombe mpaka ikatiririka katika njia za Madina.

Tuzingatie mambo mawili. La kwanza, walipewa muda wa kuandaliwa. La pili, waliacha wakiwa jamaa. Hakuna aliyerudi nyumbani akakuta wenzake wamekizunguka chungu. Duara lote lilivunjwa siku moja, na duara jingine lilikuwa tayari: msikiti, safu, udugu wa Muhajirina na Answari.

Je, walikuwepo walioshindwa? Ndiyo. Katika Sahihi ya Bukhari imo habari ya mtu aliyeitwa Abdullah, kwa lakabu Himar, aliyekuwa akimchekesha Mtume (S.A.W.). Alikuwa ameadhibiwa kwa kunywa, na siku nyingine akaletwa tena kwa kosa lilelile. Mtu mmoja akamlaani kwa jinsi anavyoletwa mara kwa mara. Mtume (S.A.W.) akamkataza asimlaani, akashuhudia kwamba mtu yule anampenda Allah na Mtume Wake. Katika mapokezi mengine amekataza tusiwe wasaidizi wa shetani juu ya ndugu yetu.

Na katika tafsiri ya Ibn Kathir imetajwa habari ya Umar bin al-Khattab (R.A.), alipomuulizia mtu mmoja wa Sham aliyekuwa akimtembelea. Akaambiwa ametopea katika ulevi. Umar akamwandikia barua yenye maneno ya mwanzo wa Surat Ghafir, kuhusu Allah anayesamehe dhambi na kupokea toba, akawataka waliokuwepo wamuombee dua. Mtu yule akaisoma barua mara kwa mara, akalia, akaacha. Umar akawafundisha watu kwamba hivyo ndivyo inavyofanywa ndugu anapoteleza.

Tujipime kwa mizani hiyo. Je, mlevi wa mtaani kwetu amepata barua, au amepata jina la utani?

Baltimore na Akron: historia ya vikao

Vikao vya kuacha pombe vinavyojulikana leo duniani vina historia yake. Mwaka 1840 katika mji wa Baltimore, Marekani, wanywaji sita waliokuwa wakikutana baa waliahidiana kuacha na kukutana kila wiki kusimuliana hali zao. Harakati yao iliitwa Washingtonians, ikakua haraka sana, kisha ikafifia ndani ya miaka michache. Iliingizwa katika siasa na mabishano ya wakati ule, ikasahau kazi yake.

Mwaka 1935 huko Akron, jimbo la Ohio, walikutana mfanyabiashara Bill Wilson na daktari Bob Smith, wote walevi sugu. Wilson alikuwa na hamu kubwa ya kunywa, akagundua kwamba kuzungumza na mlevi mwenzake kulimtuliza kuliko mawaidha ya mtu asiyewahi kunywa. Kutoka kwa watu hao wawili ikaanza Alcoholics Anonymous, inayojulikana kwa kifupi AA, yaani walevi wasiotajwa kwa majina. Kitabu chao kilitoka mwaka 1939 kikiwa na hatua 12. Leo wana wanachama wapatao milioni 2 katika nchi takriban 180. Mwaka 1951 wake na jamaa za walevi wakaanzisha vikao vyao, Al-Anon.

AA walijifunza kutokana na Washingtonians. Hawaungi mkono chama wala mgombea, hawatozi ada, michango ni ya hiari, na sharti la kuingia ni moja tu: kutaka kuacha. Mwaka 2020 watafiti wa Cochrane walikusanya tafiti 27 zenye washiriki 10,565 na kuona kwamba njia hii inasaidia watu kukaa bila kunywa sawa na matibabu mengine yanayojulikana, au hata kuyazidi.

Hapa kwetu Afrika Mashariki, ndugu zetu Wakristo wa harakati ya Balokole, kuanzia miaka ya 1930, waliikataa pombe na kukutana mara kwa mara kusaidiana wasiirudie. Wengi wa Busoga na Bugisu wana jirani au shemeji aliyeacha kwa njia hiyo. Hatuna haja ya kukubaliana na itikadi yao ili tuone kwamba walilielewa jambo la duara.

Na Waislamu je? Mwaka 1989, katika mji uleule wa Baltimore, Waislamu waliokuwa wakipona ulevi na dawa za kulevya walianzisha Millati Islami. Walizichukua hatua 12 wakazipanga upya juu ya Tauhidi, toba na Swala. Karibu nasi zaidi, Malindi, tangu miaka ya 1990 Omari Project imekuwa ikiwahudumia watumiaji wa heroini katika jamii ya Waswahili. Zanzibar nako, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000, zilifunguliwa nyumba za kupona ziitwazo soba hausi, ambamo vijana wa Kiislamu wanaswali jamaa, wanafunga Ramadhani, na jioni wanakaa katika duara la hatua 12. Wengi wa wanaoziongoza walikuwa watumiaji wenyewe.

Masuala ambayo familia huuliza

Je, inafaa Muislamu kuhudhuria kikao kisicho cha Kiislamu, pengine katika ukumbi wa kanisa? Ukumbi ni jengo la kukodi au kuazima. Tiba hutafutwa ilipo, na hospitali nyingi tunazotibiwa zilijengwa na wamisionari. Akiwa hapo, akae kimya wakati wa dua isiyokuwa yake, na pale zinapotajwa Nguvu Kuu yeye anamkusudia Allah Mmoja asiye na mshirika. Akiona kikao kinamshawishi kubadili dini, basi hicho kimeacha kazi yake na atafute kingine. Kwa ufafanuzi zaidi amuulize sheikh anayemuamini, hasa sheikh anayejua kutunza siri.

Je, kusimulia makosa mbele ya watu si kujifedhehesha? Uislamu unatuamrisha kusitiri aibu, zetu na za wenzetu, na toba ni baina ya mja na Mola wake. Lakini kumweleza daktari maradhi si kutangaza dhambi. Msemaji wa kikao hahitaji kueleza kila alichofanya. Atasema yanayomsumbua na yanayomsaidia, inatosha. Na wasikilizaji wameahidi kwamba yaliyosemwa hayatoki nje.

Je, si bora afungiwe chumbani mpaka pombe imtoke? Hapa tunaomba sana msikilize. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu akikatizwa ghafla anaweza kutetemeka, kuona visivyokuwepo, kupata kifafa, na hata kufa, hasa katika siku tatu za mwanzo. Jambo hili hutokea hata siku za mwanzo za Ramadhani, mtu anapojaribu kuacha kwa siri. Si jini wala si uchawi. Apelekwe hospitali kwanza. Wala asitiliwe chakulani dawa zinazouzwa mitaani kwa siri. Zinaweza kumdhuru, na siku atakapojua hatamwamini tena aliyempikia.

Namna ya kukipata kikao

Kwa wakazi wa Jinja na Mbale, miji iliyopewa hadhi ya jiji mwezi Julai 2020, tunapendekeza njia hii.

Kwanza, hospitali ya rufaa ya mkoa. Jinja ipo na Mbale ipo, na zote zina huduma ya afya ya akili. Nendeni huko, mwambieni muuguzi ukweli kuhusu kiasi anachokunywa mgonjwa, kisha muulizeni: kuna kikundi gani cha waliokwisha kuacha? Wahudumu hao ndio wanaokutana na wagonjwa wa mji mzima. Hali ikiwa nzito, hospitali ya taifa ya Butabika, Kampala, ina kitengo maalumu cha pombe na dawa za kulevya.

Pili, AA. Kampala vikao vipo, na siku hizi vikao vingi duniani hufanyika kwa simu na intaneti, hasa tangu mwaka 2020. Mtu wa Mbale anaweza kuketi chumbani kwake akasikiliza bila kuonyesha uso wala kutaja jina.

Tatu, kipimeni kikao kabla ya kukitegemea. Kikao cha kweli hakidai ada ya kiingilio, hakipigi picha, hakitaji majina nje, hakimuuzii mtu dawa, na ndani yake wamo watu waliokwisha kukaa miaka bila kunywa. Mwanamke ana haki ya kuuliza kama kuna kikao cha wanawake, maana wapo dada zetu wanaokunywa na wao hujificha zaidi.

Nne, kama hakuna kikao karibu, kianzisheni. Msilione hili kuwa jambo kubwa. AA ilianza na watu wawili, na hadi leo wawili au watatu wanaokutana kwa nia ya kuacha wanatosha kuwa kikundi. Waislamu wawili wa Bugembe au wa Nkoma wanaweza kukutana kila Alkhamisi baada ya Isha, wakanywa chai, wakaulizana wiki imepitaje, wakaombeana dua. Msikiti unaweza kutoa chumba bila kutoa tangazo. Ufunguo wa chumba na birika la chai, huo ni mchango mkubwa wa kamati ya msikiti.

Tano, familia nayo itafute kikao chake. Mke wa mlevi amechoka, watoto wake wana hofu. Waketi na wenye mtihani kama wao. Kusitiri hakumaanishi kumwacha mama peke yake na mume anayepiga. Usalama wake na wa watoto unakuja kwanza.

Neno kwa wanafunzi na viongozi

Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda kilifunguliwa Nkoma, Mbale, tarehe 10 Februari 1988, kikiwa na wanafunzi 80. Maelfu wamepita hapo tangu wakati huo. Enyi wanafunzi wa hapo na wa vyuo vingine, mna elimu ya dini na ya dunia, na mnaishi katika mji ambao chungu kinachemka mitaa michache kutoka msikitini. Mwenzenu akianza kukosa Alfajiri na kunuka asubuhi, msimtoe kwenye chumba na kwenye kundi la simu. Kaeni naye. Mwenye kufukuzwa kwenye duara la waumini anajua pa kwenda, kwa sababu lile duara la mirija halijawahi kumkatalia mtu.

Kwa maimamu wetu, tunaomba khutba ya pombe iwe na sehemu mbili. Sehemu ya kwanza, hukumu, mnaisoma vizuri. Sehemu ya pili ni kumwambia aliyekaa nyuma ya safu, ambaye pengine jana alikunywa na leo amekuja, kwamba amefanya vyema kuja, na kwamba baada ya Swala yupo mtu wa kumsikiliza. Katika sensa ya mwaka 2014 Waislamu tulikuwa asilimia 13.7 ya watu wa Uganda. Katika jamii ya ukubwa huo, hakuna msikiti ambao mtu huyo hayupo.

Tunamuomba Allah (S.W.) awaponye waliozama, awape subira jamaa zao, awalinde vijana wetu, na atujaalie tuwe wasaidizi wa ndugu zetu dhidi ya shetani, wala si wasaidizi wa shetani dhidi ya ndugu zetu. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.